Heckington: kijiji cha Uingereza na kinu chake cha upepo cha mabawa nane

Kila mukaaji wa Kamina anajua namna siku inaharibika wakati mashini ya kusaga imesimama. Mazutu imekosa, ao mukaba umekatika, ao kuko kipande kimoja chenye kinangojewa toka Lubumbashi na hakuna mutu anajua treni itafika siku gani. Mahindi iko ndani ya saki, lakini bukari haiko. Mama anarudia kutwanga kwa mikono, ao anapandisha beseni kichwani na kwenda kutafuta mashini ya mutaa mwingine.

Mbali sana na Haut-Lomami, kwenye mashariki ya Uingereza, kuko kijiji kimoja kinaitwa Heckington chenye kilipata shida ya namna hiyo mwaka wa 1890. Mashini yake ya kusaga ilivunjwa na zoruba. Miaka miwili kisha, ilikuwa inasaga tena, na vipande vyenye vilitolewa kwenye mashini ingine yenye watu walikuwa wameacha. Mpaka leo, mashini hiyo iko inasimama. Haitumii mazutu wala umeme: inasukumwa na upepo, na ndiyo moja tu yenye mabawa nane yenye imebakia katika Uingereza yote.

Katika maelezo haya, neno "kinu" halimaanishi kile kinu cha nyumbani chenye tunatwangia sombe. Linamaanisha nyumba nzima ya kusagia, kama munara, na mabawa yenye kuzunguka inje.

KWA UFUPI

Pahali: kijiji cha Heckington, jimbo la Lincolnshire, Uingereza
Wakaaji: zaidi ya 3,000
Mwaka wa kujengwa: 1830
Zoruba: 1890
Mabawa nane yalianza kusaga: 1892
Kazi ilisimama: 1946
Serikali ya jimbo ilikinunua: 1953
Kilianza kusaga tena: 1986

Kijiji karibu na gare

Lincolnshire ni inchi ya tambarare. Milima ni kidogo, mashamba ni mapana, na bahari ya Kaskazini haiko mbali. Upepo unatoka baharini na haupati kitu kikubwa cha kuuzuia. Udongo ni muzuri, na tangu zamani watu wanalima ngano na shayiri. Upepo mwingi na nafaka nyingi: ni sababu hiyo jimbo hilo lilikuwa na mamia ya vinu vya upepo.

Heckington yenyewe iko kilometa karibu 8 toka muji mudogo wa Sleaford, kwenye barabara ya kuenda Boston, muji wa bandari. (Hapa ni Boston ya Uingereza, ile ya Marekani ilichukua jina kwake.) Katikati ya kijiji kuko kanisa kubwa la mawe la Mutakatifu Andrea, lenye lilijengwa katika karne ya 14. Kila mwaka, kwenye mwisho wa mwezi wa 7, kijiji kinafanya maonyesho ya mifugo na mazao ya shamba.

Treni ilifika Heckington mwaka wa 1859. Gare ilijengwa pembeni kabisa ya kinu, karibu sana mpaka mutu mwenye kushuka ndani ya treni anaona mabawa juu ya kichwa chake. Wakaaji wa Kamina wataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Muji wa Kamina ulikomaa kwa sababu reli inagawanyika hapa: njia moja inaenda Kananga na Ilebo, ingine inaenda Kabalo, na toka Kabalo kuelekea Kindu ao Kalemie. Pahali treni inasimama, biashara inasimama pia. Lakini reli inaleta mambo mawili: inachukua mazao ya watu wa pale kuenda kuuzwa mbali, na inaleta bunga ya mbali kuuzwa pale. Kinu cha Heckington kilipata ile faida, na kisha kilipata pia ile hasara.

Namna upepo unasaga ngano

Wazo la kusaga kwa upepo halikutoka Ulaya. Vinu vya upepo vya kwanza vyenye vinajulikana vilikuwa katika inchi ya Uajemi, leo Iran, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kule Nashtifan, vinu vya udongo vya namna hiyo vingali vinasimama. Uingereza ilianza kuwa na vinu vyake katika karne ya 12.

Kinu cha Heckington ni munara wa matofali wenye unapunguka upana kadiri unapanda. Ndani kuko etaji mbalimbali, na kila etaji iko na kazi yake. Juu kabisa kuko kofia nyeupe yenye umbo la kitunguu. Kofia hiyo haikufungwa na munara. Inaweza kuzunguka, kwa sababu mabawa yanapaswa kuangalia kila mara upande wenye upepo unatoka.

Zamani, musagaji mwenyewe alikuwa anashuka kusukuma ile sehemu yote kwa nguvu za mikono kila mara upepo unageuka, hata usiku. Mwaka wa 1745, fundi Edmund Lee alipata hati ya kulinda ufundi wake mupya: feni ndogo nyuma ya kofia. Upepo ukigeuka, unapiga ile feni kwa pembeni, feni inazunguka, na magurudumu ya meno, ile watu wa velo wanaita pinyo, yanazungusha kofia polepole mpaka mabawa yaangalie upepo tena. Musagaji anaweza kuendelea na kazi yake ndani.

Mabawa nayo si mbao tupu. Kila bawa liko na vibao vidogo vingi, kama madirisha ya persiene. Vibao vikifungwa, upepo unasukuma kwa nguvu zote. Vikifunguliwa, upepo unapita katikati na mabawa yanapunguza mwendo. Katika mwaka wa 1807, William Cubitt alitengeneza njia ya kufungua na kufunga vibao vyote kwa pamoja, wakati mabawa yanaendelea kuzunguka. Mbele ya hapo, mara nyingi ilikuwa lazima kusimamisha kinu na kutengeneza bawa moja moja.

Ndani, kazi inafuata njia hii. Mabawa yanazungusha muti munene wenye kulala. Gurudumu kubwa la meno linapeleka mwendo huo kwenye muti mwingine wenye kusimama katikati ya munara, toka juu mpaka chini. Huo ndio unazungusha mawe ya kusagia. Mawe yako mawili mawili: la chini halitembei, la juu linazunguka. Jiwe moja linaweza kuwa na uzito wa karibu tone moja. Ngano inaanguka katika tundu la katikati ya jiwe la juu, inasukumwa kuelekea pembeni, na inatoka ikiwa bunga.

Saki za ngano zinapandishwa na upepo wenyewe: kuko munyororo wenye kufungwa na muti wa katikati, unavuta saki kupitia milango ya sakafu mpaka etaji ya juu. Toka pale, uzito unafanya kazi: ngano inashuka kwenye mawe, bunga inashuka kwenye saki. Mutu habebi muzigo kichwani kwenye ngazi.

Lakini kazi ya musagaji haikuwa nyepesi. Mawe yanapoteza makali, na yanapaswa kuinuliwa na kuchongwa upya kwa patasi, mustari kwa mustari. Mawe yakizunguka bila ngano katikati, yanagusana na kutoa cheche za moto, na vinu vingi viliungua namna hiyo. Ni sababu hiyo musagaji alikuwa anasaga akisikiliza: sauti ya mawe ilimuambia kama ngano inaenda kuisha, na kidole chake kilimuambia kama bunga ni laini ao imepata moto kupita kiasi.

Kuhusu malipo, vijiji vya Uingereza vilijua mabishano yenye yanajulikana kwetu pia. Kwa karne nyingi, musagaji alikuwa anajilipa kwa kukata sehemu ya nafaka ya muteja. Watu walilalamika kwamba kipimo chake kinakuwa kikubwa kila mwaka. Mwaka wa 1796, sheria ilikataza hayo: musagaji alipaswa kulipwa kwa feza na kubandika bei zake mahali kila mutu anaweza kuziona.

Zoruba ya mwaka wa 1890

Kinu cha Heckington kilijengwa mwaka wa 1830 na fundi Edward Ingledew, kwa ajili ya mwenyeji mumoja, Michael Hare. Wakati huo kilikuwa na mabawa matano. Kisha kiliingia mikononi mwa jamaa ya Nash, na watu wakakiita kwa jina lao.

Katika mwaka wa 1890, zoruba kali ilikipiga. Kwa kinu cha upepo, hatari kubwa haiko upepo mwingi wa mbele, kwa sababu vibao vinaweza kufunguliwa na kuuacha upite. Hatari ni upepo wa nyuma. Wakati wa zoruba, upepo unaweza kugeuka kwa rafla mbele feni ndogo haijamaliza kuzungusha kofia. Basi upepo unapiga mabawa kwa mugongo na kuyasukuma kuelekea inje, upande wenye hakuna kitu kinayashikilia. Ni hayo yalifika Heckington. Kofia na mabawa vikavunjika. Munara wa matofali ukabakia, bila kichwa.

Kutengeneza upya kulikuwa bei kubwa, na faida ya kusaga kijijini ilikuwa inapunguka. Munara ungeweza kubakia hivyo, kama minara mingine mingi ya Lincolnshire yenye leo ni gofu tu katika mashamba.

Kwa nini mabawa nane

Mutu mwenye alibadilisha mambo aliitwa John Pocklington. Kule Boston, upande wa Skirbeck, kulikuwa kinu cha mabawa nane, chenye kilijengwa mwaka wa 1813 na jamaa ya Tuxford. Kilikuwa hakina kazi tena, na kilikuwa kinauzwa ili kibomolewe. Pocklington alikinunua kwa paundi 72. Alikuwa pia amenunua ule munara wa Heckington. Akaunganisha vitu viwili vyenye watu walikuwa wameona havina maana: munara bila mabawa, na mabawa yenye munara wake ulikuwa unabomolewa. Kofia nyeupe ya kitunguu, mabawa nane na magurudumu yakahamia Heckington. Mwaka wa 1892 kinu kikaanza kusaga.

Vinu vingi vya Uingereza viko na mabawa mane. Mabawa nane yanakamata nguvu nyingi hata wakati upepo ni mwepesi, na yanazunguka bila kutikisika sana. Kuko pia faida ya matengenezo. Bawa moja likiharibika, fundi anatoa lile lenye liko mukabala yake, na kinu kinaendelea na sita. Lingine likiharibika, kinaendelea na mane. Kinu cha mabawa matano hakina bahati hiyo: moja likivunjika, uzito hauko sawa tena, na kazi inasimama mpaka fundi amalize.

Hasara ni uzito na bei. Mabawa nane yanaomba mbao nyingi, rangi nyingi, na muti munene wa kuyabeba. Ni sababu hiyo vinu vya namna hiyo vilikuwa vichache hata zamani.

Pocklington hakutegemea bunga peke yake. Alikuwa pia mulimaji na mupika mikate, na upepo uleule wenye ulisaga ngano ulizungusha msumeno wa kupasua mbao katika uwanja wa kinu. Siku wateja wa bunga walikuwa kidogo, kulikuwa wateja wa mbao ao wa mikate. Namna hiyo kinu kilidumu miaka mingi kuliko vingine vya pale karibu.

Sababu vinu vilikufa

Wanakadiria kwamba wakati vinu vya upepo vilikuwa vingi zaidi, Uingereza ilikuwa navyo karibu 10,000. Leo vyenye bado vinaweza kusaga ni vya kuhesabu. Upepo haukupunguka. Soko ndilo lilibadilika.

Kwanza, mashini za muvuke zilikuja, zenye zilisaga hata siku upepo haupigi. Kisha, toka miaka ya 1880, viwanda vikubwa vilijengwa katika miji ya bandari kama Hull na Liverpool. Havikutumia mawe, lakini vyuma vya kuviringika. Ngano ilitoka Marekani kwa mashua kubwa, ikasagwa pale bandarini, na bunga nyeupe ikapandishwa treni mpaka vijijini kwa bei yenye musagaji wa kijiji hangeweza kufikia. Wasagaji wengi waliacha bunga ya watu na kubakia kusaga chakula cha mifugo tu. Bawa likivunjika, hawakuwa na feza ya kulitengeneza.

Watu wa ile Katanga ya zamani wanajua hadisi ya namna hiyo. Bunga yenye inapita Kasumbalesa toka Zambia inasaidia wakati mahindi ya kwetu haitoshi, na bei yake inamuamuru pia mulimaji na mwenye mashini ya hapa. Siku mupaka umefungwa, kila mutu anakumbuka kwamba mashamba na mashini za karibu ziko na maana.

Nani alikiokoa

Pocklington alikufa mwaka wa 1941. Mwaka wa 1946 kinu kikasimama. Kwa miaka saba, mvua na upepo vilikula mbao zake.

Mwaka wa 1953, serikali ya sehemu hiyo, iliyoitwa Kesteven, ilifanya jambo lenye halikuwa la kawaida: ilikinunua kwa feza ya raia ili kisibomolewe. Kwa wakati huo ilitosha kukizuia kuanguka. Kusaga kulikuwa bado. Matengenezo makubwa yalifuata kisha, na mwaka wa 1986 kinu kilisaga tena, miaka 40 tangu kisimame.

Leo kinu ni mali ya serikali ya jimbo la Lincolnshire, lakini wenye kukifanya kitembee ni shirika la wakaaji. Wengi wao ni watu wa kujitolea: wanajifunza kusaga, wanapokea wageni, wanapaka rangi. Nyumba za pembeni, zenye zamani zilikuwa za kupikia mikate na kuweka vyombo, zimetengenezwa pia. Bunga inauzwa katika saki ndogo. Kuko pia kiwanda kidogo cha pombe chenye kilianzishwa pale na kuchukua jina la mabawa nane.

Ni vizuri kusema wazi: bunga yenyewe haingeweza kulipa mabawa. Kubadilisha mbao za mabawa nane ni gharama kubwa kila baada ya miaka fulani, na feza inatoka kwa wageni, kwa michango, na kwa misaada ya umma ya kulinda vitu vya zamani. Heckington haikurudia zamani. Watu wake wanakula mikate ya duka kama wengine. Walichagua tu kwamba kinu kisikufe, na walipata feza toka mahali pengi.

Je, upepo unaweza kusaga Kamina?

Swali hilo linakuja lenyewe, na jibu ni gumu kidogo. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa namna ya ajabu: upepo ukikimbia mara mbili zaidi, nguvu yake inakuwa mara nane. Kinyume chake pia ni kweli: upepo ukipunguka nusu, inabakia sehemu moja tu juu ya nane. Kinu kikubwa kinaomba upepo wenye nguvu na wenye kudumu, kama ule wa bahari. Katikati ya Afrika, mbali na bahari, upepo wa kila siku mara nyingi ni mwepesi. Upepo mukali wa mwanzo wa mvua unabomoa mabati, lakini haudumu saa za kutosha kusaga saki kumi.

Kwenye mahali pa kufaa, upepo unafanya kazi hata Afrika. Kule Kenya kaskazini, karibu na ziwa Turkana, kuko mashini 365 za upepo zenye zinaweza kutoa megawati 310 za umeme. Na kule Malawi, wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba, mwenye alikuwa ameacha masomo sababu ya kukosa feza ya shule, alisoma kitabu cha biblioteke ya kijiji na kujenga mashini ya upepo kwa vipande vya velo, feni ya trakta na miti. Ilitoa umeme wa kuwasha taa nyumbani kwao.

Kwa mashini za kusaga za Kamina, jua ao maji ya mito yanaweza kufaa zaidi kuliko upepo. Lakini mafundisho ya hadisi hii hayategemei upepo: kuchukua kipande kizuri kwenye mashini yenye imekufa mbele hakijaibiwa ao kuuzwa kama chuma tu, kuchagua mashini yenye inaweza kuendelea hata sehemu moja ikiharibika, kutumia nguvu moja kwa kazi mbili ao tatu, kuandika bei mahali kila mutu anaiona, na kuweka feza ya matengenezo pembeni mbele ya siku ya kuharibika. Kule Heckington, bila vile vipande vya kinu cha Boston, munara ungeweza kubakia bila kichwa mpaka leo.